Mgeni wa Jana

Usiku ule nililala nikiwa nimeshiba. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo watu wanaodai kwamba ndoto nzito huletwa na njaa, nami sipendi kuwaachia watu mwanya wa mabishano. Nilikula wali na maharage, nikafunga geti kwa komeo na kufuli, nikapita jikoni kuzima taa. Huko nilimkuta mke wangu, Nyamizi, akichota wali uliobaki na kuutia katika bakuli la plastiki. Ulikuwa wali mwingi. Nyumbani tuko watatu tu, yeye, mimi na binti yetu Milembe, lakini sufuria lilikuwa la kulishia msiba.

"Wa nani huo?" nilimwuliza, ingawa nilijua.

"Wa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni hana jina, baba Milembe. Akiwa na jina si mgeni tena, ni ndugu."

Alisema bila kugeuka. Akafungua friji, akayabana mabakuli yaliyokuwemo, akalisukuma lile jipya kwa kiganja kama mtu anayelazimisha sanduku chini ya kitanda. Kisha akaufunga mlango kwa goti.

Nilikuwa nimekwisha kulisema jambo hilo mara moja, nikajibiwa, "Ni mchele wa mama yangu, si wa mama yako. Usiupangie." Baada ya jibu kama hilo mwanamume mwenye akili hunyamaza, hata kama ukimya wake una dharau ndani yake.

Mama yake alikuwa Bi Kalunde, mkulima wa mpunga katika kijiji kilicho mbali kidogo na mji wetu wa Tabora. Kila baada ya mavuno alituletea mchele wa kula mwaka mzima. Alifariki muda mfupi baada ya mavuno yake ya mwisho, na gunia alilotutumia kabla ya kuugua ndilo lililokuwa stoo, limebaki robo, mdomo wake umekunjwa. Hapatakuwa na lingine. Mashamba yake, yale majaruba ya maji, yamechukuliwa na ukoo wa marehemu mumewe, nao wamekwisha kusema kwamba mpunga ni kazi ya kujitesa na kwamba hawataushika.

Kwa Bi Kalunde ilikuwa desturi kupika na cha mgeni kila jioni. Chakula kilitengwa katika bakuli, kikafunikwa kwa ungo, kikamngoja yeyote ambaye njia ingemleta. Alipokuwa hai, Nyamizi hakuifuata desturi hiyo. Alipika kwa kiasi kama watu wote wenye mkaa wa kununua. Tangu tumzike mama yake ndipo alipoanza. Kila jioni anapika sufuria la mama yake, anatenga cha mgeni, na mgeni haji. Atakujaje, na geti nimelifunga? Bakuli linaingia kwenye friji. Linakaa humo mpaka wali ubadilike rangi, halafu linamwagwa katika shimo la taka nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mchele wa mwisho wa marehemu ulikuwa safarini kutoka stoo kwenda shimoni, sisi tukiwa wapagazi.

Jambo hili lilinikera zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa friji. Sikusomea chuoni, nimejifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuzifungua mashine zenyewe. Kabla ya kugusa mtambo wa friji ni lazima kuitoa mizigo yake, na hapo ndipo ninapowafahamu watu. Sebuleni wana makochi mazito na maua ya plastiki. Ndani ya friji wana makaburi: nyanya zilizolegea, mkate ulioota ukungu, samaki ambaye hakuna anayekumbuka alinunuliwa kwa ajili ya nani. Mwenye nyumba husimama mlangoni akinisimulia jinsi mkaa ulivyopanda, jinsi mchele ulivyopanda, jinsi maisha yalivyomkaba koo, na katikati ya kilio hicho ananiambia, "Hivyo vitupe tu, fundi." Vitupe tu. Nimelisikia neno hilo katika nyumba za walimu, za wafanyabiashara na za watu wa dini, na sijawahi kulisikia likitamkwa kwa aibu. Wapo hata wanaobakiza nusu sahani kwa makusudi, wasije wakaonekana walikuja na njaa, na huo wanauita ustaarabu.

Nimefikia hitimisho kwamba watu hawanunui friji ili chakula kihifadhike. Wanainunua ili chakula kisubiri humo mpaka dhamiri isiwaume kukitupa.

Hayo ndiyo niliyoyawaza nikivuta shuka, nikijiona bora kuliko wateja wangu kwa kuwa angalau nilikuwa nikiwadharau. Kisha usingizi ukanichukua, na geti likagongwa.

Liligongwa kwa kitu cha chuma, taratibu, kama linagongwa na mtu anayejua kwamba ndani yumo anayemsikia. Nilitoka. Nje palikuwa mchana wa jua kali, na hilo halikunishangaza. Nilipofika getini kufuli lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha, lakini Bi Kalunde alikuwa tayari amesimama ndani ya ua, jembe begani, miguu imepakaa tope la jaruba hadi magotini.

Niligeuza uso haraka nikatazama ukuta. Msomaji asiyezijua mila zetu aelewe hapa, maana bila hili ndoto nzima haina uzito. Kwa watu wa kwao, na kwetu pia, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na kamwe hawali mmoja mbele ya mwenzake. Katika miaka yote ya ndoa yetu tuliongea ukuta ukiwa katikati, au Milembe akipeleka maneno. Tulipokutana njiani mmoja wetu alipinda. Alipokuja kututembelea alipakuliwa chakula katika chumba cha ndani na mlango ukafungwa. Huo haukuwa uadui. Ilikuwa heshima ya juu kabisa tuliyokuwa nayo, na kinywa cha mkwe kinachotafuna ni uchi wake.

"Shikamoo, mama," niliuambia ukuta.

"Geti lako lina kufuli la ghala," akasema nyuma yangu. "Unaficha nini, baba Milembe? Wali?"

"Wezi, mama."

"Wezi." Alilionja neno hilo. "Mwizi angeula. Nitazame."

"Mama, siwezi."

"Heshima ni ya walio hai. Mimi nimekuja kula. Kila jioni ninasikia harufu ya mchele wangu, ninaambiwa umepikwa kwa ajili yangu. Nimetembea. Cha mgeni kiko wapi?"

Ninageuka. Ni yeye, kama alivyokuwa kabla ya ugonjwa, mwembamba na mkavu, macho madogo yasiyo na haraka. Anapita mbele yangu bila kungoja kukaribishwa, nami ninafuata nyayo zake za tope katika sakafu ambayo Nyamizi aliipiga deki jioni. Sasa tumo jikoni. Anaegemeza jembe ukutani, anafungua friji, na taa ndogo ya ndani inamulika uso wake kutoka chini.

Analitoa bakuli la kwanza. Anafunua, ananusa, anaweka sakafuni.

"Huyu wa lini?"

"Sijui, mama."

Analitoa la pili. "Na huyu?"

"Sijui."

"Na huyu mwenye manyoya?"

Mabakuli yakapangwa sakafuni kama watoto waliofukuzwa shule.

"Mnawapa baridi," alisema, "ili wafe bila kupiga kelele."

Aliingiza mkono tena, na mkono ukaendelea kwenda, mpaka bega likazama. Alipouvuta alikuwa ameshika samaki niliyemfahamu: yule wa nyumba ya mwalimu mmoja, niliyeambiwa nimtupe tu. Akavuta mkate wa mama mmoja mwenye duka. Akavuta sinia la pilau la arusi, limekauka pembeni, na kijiko bado kimesimama katikati. Nilivitambua vyote. Vilikuwa vimetoka katika friji zote nilizowahi kuzifungua. Nikacheka, maana hatimaye nilikuwa nimepata mtu wa kudharau pamoja naye.

"Hao ni watu wa mjini, mama," nikamwambia. "Ndivyo walivyo. Hawana haya."

Alinigeukia.

"Na wewe ni wa wapi?"

Kisha akainama akaingia ndani ya friji, nami nikamfuata. Ndotoni sikujiuliza mtu anaingiaje. Nilihisi tu ubaridi wa mlango, na baada ya hapo joto, na maji yakanifika kwenye muundi. Tulikuwa jarubani. Mpunga ulikuwa umeiva, umeinamisha vichwa, na juu yetu kundi la ndege waitwao kwelea lilikuwa likizunguka kama kitambaa kinachopeperushwa. Bi Kalunde alikuwa ameshika bakuli la jioni ile. Akalifunua, akauonyesha ule wali, mweupe, bado mzima.

"Wewe si fundi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Punje. Kila moja kwenye suke lake. Hukuwa na haja nayo, basi irudishe ilikotoka."

Mimi ni mtu wa utaratibu. Ninachukua punje moja kwa kidole na kidole, ninainama, ninatafuta ganda lililo wazi. Punje inapondeka. Ninachukua nyingine. Inanata kidoleni. Mgongo unaanza kuuma mahali ambapo sikujua kwamba mgongo una mahali, na Bi Kalunde amesimama juu yangu, anaeleza kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mjinga njia fupi.

"Huwezi kuanzia hapo. Kwanza utoe maji uliyoichemshia. Uyarudishe kisimani. Kisha uurudishe mkaa."

Naye alipotaja mkaa, jaruba likawa limekwisha na sisi tuko porini. Au lilikuwa pori. Miti ilikuwa imebaki visiki hadi macho yanapokoma, na katikati pana tanuri la mkaa, kichuguu cha udongo kinachotoa moshi kwa chini. Nilikuwa nimeshika vipande vya mkaa mikono yote miwili. Nikavisimamisha juu ya kisiki, kimoja juu ya kingine. Vikaanguka.

"Mti huu ulikuwa na nyuki," akasema. "Ulikuwa na kivuli, na chini yake paliota uyoga mvua ya kwanza ikinyesha. Mmeukata, mmeuchoma, mmeununua, mmeulalamikia bei. Yote hayo mpate kulipikia shimo."

Mimi mwenyewe nimewahi kulalamika kuhusu bei ya mkaa, nimesimama jikoni na gunia begani, nikiwalaumu wauzaji, serikali, barabara. Sikuwahi kulilaumu sufuria.

Tukarudi jarubani, au jaruba likaturudia sisi. Kwelea wakashuka. Akanipa kopo lenye mawe ndani, lile ambalo wakulima hulitikisa kuwatisha ndege, nami nikalitikisa, na ndege wakapaa wakatua upande wa pili. Nikakimbilia huko, tope likinishika vifundo. Wakapaa, wakatua nilikotoka. Koo likanikauka. Jua halikusogea.

"Niliwafukuza hawa tangu jua linapochomoza," akasema, "kila msimu, mpaka sauti ikaniacha. Ulikuwa ukiniuliza kupitia kwa Milembe kwa nini mama sauti yake ina mikwaruzo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ndege anakula, anashiba, anaruka. Anawalisha na watoto wake. Laiti ningalijua ninawanyima ndege ili nilishe shimo, ningalikaa zangu kivulini."

Kopo likanianguka. Lilipogusa maji hapakuwa na maji. Ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka vipande vyenye pembe, kama ilivyokuwa msimu wake wa mwisho, mvua ilipochelewa na alipovuna kidogo kuliko alivyowahi kuvuna. Katika kidogo hicho ndimo alimotoa gunia letu. Hilo nalo nililijua, na nilikuwa nimelisahau.

Kutoka katika nyufa ulikuwa unapanda mvuke wa vuguvugu. Ulinuka. Niliitambua harufu ile kabla sijaitambua sehemu: tulikuwa nyuma ya nyumba yangu, kando ya shimo la taka, na shimo lilikuwa likipumua. Lilipanda na kushuka kama ubavu wa mnyama aliyelala baada ya kula.

Katika vitabu vyangu nimesoma kwamba chakula kikifukiwa na kuoza pasipo hewa hutoa gesi, na kwamba gesi hiyo hupanda na kuifunika dunia kama blanketi, joto likazidi, misimu ikapoteza njia. Nilikuwa nikiyaeleza hayo kwa watu kama jambo la ajabu, nao wakinisifu kwa kusoma. Sisemi kwamba shimo langu peke yake lilizuia mvua ya kijiji kizima. Mimi ni mtu wa vipimo. Lakini ndotoni hapakuwa na kipimo cha kujifichia.

"Lina pumzi," akasema Bi Kalunde. "Naijua pumzi hii. Mwaka ule ilikuwa inanipuliza usoni."

Akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, kama wanawake wanavyokaa mtoni. Akakunja mikono ya gauni lake.

"Ninawishe."

"Mama?"

"Maji. Ninawishe mikono. Au hata mgeni wenu hanawi?"

Palikuwa na birika mkononi mwangu. Kumnawisha mama mkwe si kazi ya mkwe. Ni kazi ya binti, ya mjukuu, ya jirani, ya mtu yeyote asiyekuwa mimi. Nilimmiminia. Maji yakapita juu ya vidole vyake, yakaliosha tope, na mikono ikatoka safi kabisa, kucha zimekatwa fupi. Akaikung'uta. Kisha akauzamisha mkono wa kulia ndani ya shimo, akatoa tonge la wali, akalifinyanga vizuri kama linavyofinyangwa mbele ya watu, akalitia kinywani.

Nilitaka kufumba macho, na macho hayakuwa na kope.

Alikula polepole, kwa adabu, mdomo umefumbwa, bila kuacha punje kwenye midomo. Alikula wali wa kijani na wali wa njano. Alikula ukoko uliolowana na majivu na maganda ya vitunguu. Nilimwona akitafuna. Nilimwona akimeza, na koo lake jembamba likipanda na kushuka. Kila tonge lilikuwa linavunja kitu ambacho sisi wawili tulikitunza kwa miaka yote bila hata kukitaja, nami sikuweza kumzuia, kwa kuwa chakula kilikuwa chake. Tulimwambia kila jioni kwamba ni chake.

"Mama, inatosha," nilisema. "Tafadhali."

"Kwa nini? Ni kichafu?"

"Ndiyo."

"Nilipokutumia kilikuwa safi." Akafinyanga tonge jingine. "Unawacheka wanaotupa. Ulikuwa unatupa kwa mkono wa mwanangu, ukajiwekea wako safi uweze kuwanyooshea wengine kidole. Mwanangu angalau analia. Wewe unafanya nini?"

Alimaliza. Sijui alichokimaliza, maana shimo lilikuwa limejaa kama mwanzo. Akasimama, akanikaribia, akaufuta mkono wake kwenye shati langu, kifuani, taratibu, kwanza kiganja, halafu upande wa pili, kama mtu anavyofuta mkono kwenye tambara la jikoni.

"Umeniona nikila."

"Nimekuona, mama."

"Basi beba na ujumbe, kwa kuwa sasa hakuna tena cha kuoneana haya. Mwambie Nyamizi desturi yangu ameikariri nusu. Mwambie, na mgeni wa jana je?"

"Mgeni wa jana ni nani?"

"Yeye anamjua."

Akachukua jembe lake, lililokuwa limeegemea mahali pasipo ukuta. Hakuaga. Sikumwona akipita getini. Nilisikia tu komeo likitikisika, kama mtu anayelijaribu kwa dharau ili athibitishe kwamba ni chuma kweli.

Nikaamka. Mkono wangu ulikuwa kifuani, juu ya shati la kulalia, na shati lilikuwa kavu. Dirishani palikuwa pameanza kupambazuka. Upande wa Nyamizi kitanda kilikuwa kitupu, na jikoni nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa kwa ule mlio wa mpira unaoachana na chuma. Ninaujua mlio huo kuliko sauti ya mtu yeyote.

Nilimkuta ameufungua mlango wa nyuma. Kitenge kifuani, bakuli mkononi, moja la zamani, alikuwa anakwenda kulimwaga ili kulitengenezea nafasi la leo.

"Umeamka mapema," akasema.

"Nimemwota mama."

Akasimama. Tangu msiba alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama nimemwota mtu, na kila asubuhi nilimwambia hapana. Yeye mwenyewe alikuwa hajamwota hata mara moja, na jambo hilo lilimwuma kuliko alivyokiri.

"Alikuwaje?"

"Mzima. Alikuwa anakula."

Nilimwona akilipokea neno hilo na kuligeuza.

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Nilimnawisha."

Nyamizi aliegemea fremu ya mlango. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza maana yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiufunga mlango wa chumba cha ndani mama yake alipokuwa akila; yeye ndiye aliyesimama nje ya mlango huo kama askari nilipokuwa napita.

"Mama yangu asingefanya hivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Labda awe amedhalilishwa." Kisha akauliza, "Alikula nini?"

Sikuwa na njia laini ya kulijibu swali hilo. Nikatazama bakuli alilolishika, halafu nikatazama mahali alipokuwa anakwenda nalo.

Jogoo wa jirani akawika, akarudia. Nikamwona akilifunika bakuli kwa kiganja, na nikatambua kwamba dharau niliyoilaza kitandani jana haikuwepo mahali pake nilipoitafuta.

"Ametoa ujumbe," nikasema. "Anasema desturi yake umeikariri nusu. Anauliza, na mgeni wa jana je?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Yeye."

"Milembe? Bibi yake alimsimulia?"

"Milembe amelala. Ni yeye, Nyamizi. Na mimi sijui maana yake. Nilimwuliza, akasema unamjua."

"Hujawahi kulala kwetu," akasema, kama anayejihesabia mwenyewe. "Alfajiri ya kwetu huijui."

"Siijui. Mkwe halali ukweni."

Alikaa kwenye kizingiti, bakuli mapajani. Akazungumza huku akilitazama shimo, si mimi. Akasema kwamba kweli mama yake alitenga cha mgeni kila jioni, na usiku mwingi mgeni hakuja. Basi alfajiri alikipasha moto, akatoka nacho hadi ukingo wa njia, akasimama. Mtu wa kwanza kupita ndiye aliyekuwa mwenye chakula hicho. Anaweza kuwa mchungaji wa ng'ombe, anaweza kuwa mlevi anayerudi kwake, na siku moja alikuwa mwanamke waliyegombana naye kuhusu mpaka wa majaruba na hawakuwa wakisalimiana. Mama yake alimwambia kila mmoja neno lile lile.

"Alisema, 'Njoo ule. Wewe ndiye mgeni wangu wa jana, umechelewa tu.'" Nyamizi alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Na yule mwanamke alikula. Alikula amenuna, lakini alikula. Sisi watoto tulikuwa tunachungulia mlangoni tunacheka. Nimelisahauje hilo? Nimeshika la jioni, nikasahau la asubuhi."

Akainuka. Bakuli alilolishika lilikuwa limekwisha kuharibika, na hakuna ndoto inayoweza kufufua wali. Akalimwaga, kwa haraka, uso pembeni. Lakini lile la jana alilitoa kwenye friji, akalifunua, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Lilikuwa zima. Wali uliolala kwenye baridi usiku mmoja na kupashwa moto sawasawa hauna ubaya wowote. Hilo naweza kulisema kama fundi. Akawasha jiko, akakata kitunguu, akamwagia mafuta kidogo, na harufu ya mchele wa mama yake ikajaa jikoni kwa mara ya pili, nami nikatazama pembeni kwa mazoea, kama vile alikuwepo mtu wa kuheshimiwa.

Barabarani nyayo zilikuwa zimeanza kusikika. Watu waendao sokoni, watu watokao lindo.

Nyamizi alipakua, akafunika kwa ungo. Kisha akanitazama mfukoni, mahali ninapoweka ufunguo.

"Kafungue geti," akasema. "Na atakayepita wa kwanza, usimchague."